Nati ya juu kwanza, ya chini baadaye

Nimejifunza juzi nikiwa chini ya Hilux ya mjomba, hapa Moshi: ukibadilisha oili ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) au gia boksi kwenye gari kuukuu, legeza nati ya kujazia kabla hujaigusa ya kumwagia. Ile ya juu hukaa miaka bila kuguswa, kutu na tope vikaishika kama imechomelewa. Ukimwaga oili yote ndipo ugundue haifunguki, gari limeshakuwa banda la kuku. Ikigoma oili ikiwa bado imo, unaliendesha tu hadi gereji. Isugue kwa brashi ya waya, ipulizie WD-40 jioni, asubuhi tumia soketi ya pembe sita. Spana ya mdomo inakula kona za nati, na hapo ndipo patasi na nyundo huanza kazi.

Zunguka kilomita 10 hivi kabla ya kumwaga. Oili ya difu asubuhi ya Julai ni uji uliolala, haitoki yote. Kisha jaza mpaka ianze kuchuruzika tundu la juu, gari likiwa tambarare. Kwenye mteremko kama wa kwetu kipimo kitakudanganya.

Gia boksi otomatiki nyingi za zamani hujazwa kupitia bomba la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kwa hiyo ujanja huu hauzihusu. Na gia boksi ya manyuo, ile ya kubadili gia kwa mkono, ikiandikiwa oili ya daraja la GL-4, usitie ya GL-5 uliyobakiza ulipojaza difu. Inaweza kula shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazosaidia gia kuingia laini.