Asilimia ya chavua isikudanganye
Ukiona asilimia ya chavua ya msonobari imepanda ghafla kwenye mashapo ya ziwa (tope la kale lililotuama chini), usikimbilie kusema hali ya hewa ilibadilika na msitu ukatanuka. Msonobari humwaga chavua nyingi mno, na kila punje ina vifuko viwili vya hewa vinavyoipeperusha mbali. Miti inayotegemea wadudu huacha kidogo sana. Halafu asilimia ni mgawanyo tu: nyasi zikipungua, chavua ya mimea mingine yote huonekana imeongezeka. Kabla ya kusafisha sampuli kwa kemikali, tia kidonge chenye idadi inayojulikana ya spora (chembe za uzazi) za Lycopodium, mmea usiotoa maua. Zihesabu pamoja na chavua kwenye hadubini, na kwa kulinganisha hesabu hizo mbili upate idadi halisi ya chavua kwa kila sentimita ya ujazo. Ila tope likijaa haraka, chavua huwa haba hata msitu ukiwa uleule.