Jinsi ya kujenga zizi ambalo simba, fisi na chui hawaingii

Mei 2023, ndani ya wiki moja, simba 10 waliuawa kando ya Amboseli, kusini mwa Kenya. Mmoja wao alikuwa Loonkiito, dume la miaka 19, umri ambao simba wa porini huufikia kwa nadra sana. Sita walikuwa wameua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Hakuna aliyewafuata kwa ajili ya kucha wala ngozi. Walikufa kwa sababu ya mifugo. Na Kenya nzima, kwa sensa ya wanyamapori ya 2021, ilikuwa na simba kama 2,500 tu.

Kwa simba anayeishi nje ya mipaka ya hifadhi, kinachoamua kama ataona mwaka ujao ni namna ng'ombe wanavyolala. Ndiyo maana mwongozo huu wa kuokoa simba unahusu nguzo, waya na mlango.

Jua kwanza unamzuia nani

Wengi hufikiri hatari ya simba ni kuruka ukuta. Anaweza, lakini mara nyingi hahitaji. Huzunguka zizi hadi upepo upeleke harufu yake ndani. Ng'ombe wakiinusa hutaharuki, husukumana upande mmoja, uzio wa miba unalala chini, nao hutoka mbio gizani. Huko nje ndiko wanakouawa. Kwa hiyo ukuta wa zizi hujaribiwa kutoka ndani kabla ya kujaribiwa kutoka nje, na uzio unaoweza kuangushwa na fahali wawili wenye hofu hauzuii simba hata ukiwa mrefu kiasi gani.

Fisi hapandi, huchimba, au hupenya kwenye uwazi ambao ukiutazama utaapa hapiti. Chui hupanda, na akishaingia kwenye banda la mbuzi huua wengi kuliko anaoweza kula. Duma na mbwa mwitu huwinda zaidi mchana, hivyo zizi halitakusaidia kwao. Hao ni suala la mchungaji, nasi tutawafikia.

Mahali na ukubwa

Chagua mteremko mdogo ili maji ya mvua yatoke. Zizi lenye matope huozesha kwato, na mwenye mifugo atalihama hata kama ni imara. Epuka ukingo wa korongo na njia za wanyama kwenda majini. Fyeka vichaka kwa mita 20 hadi 30 kuzunguka zizi, na ukate matawi yote yanayoning'inia ndani ya mita 3 kutoka kwenye ukuta. Tawi moja lililosahauliwa ni daraja la chui.

Zizi liwe la duara. Kwenye pembe, ng'ombe waliotaharuki hurundikana na kukanyaga ndama.

Hesabu iko hivi. Ng'ombe mzima wa asili anahitaji kama mita 2.5 za mraba za kulala, mbuzi au kondoo mita 1. Mwenye ng'ombe 80 na mbuzi 60 anahitaji mita za mraba 200 na 60, jumla 260. Duara la eneo hilo lina kipimo cha mita 9.1 kutoka katikati hadi ukingoni, na mzunguko wa mita 57. Kwa roli za chenlinki (wavu wa waya wa uzio) za mita 18, zinahitajika nne. Ukiondoa mlango wa mita 2, zinabaki kama mita 17, ambazo zinatosha kukata sehemu ya mbuzi upande ulio karibu na nyumba. Usijenge kubwa mno ukidhani unajiandaa kwa baraka zijazo: zizi lenye nafasi nyingi huwapa ng'ombe uwanja wa kukimbia na kuugonga ukuta kwa kasi.

Nguzo na wavu

Nunua chenlinki ya urefu wa mita 2.4 kwenda juu, waya wa milimita 2.5 na matundu yasiyozidi sentimita 7; ukizika sentimita 30, inabaki mita 2.1. Hapa ndipo miradi mingi hukosea: hununua ya mita 1.8 kwa kuwa ni nafuu, kisha huzika sentimita 30 ili kumzuia fisi, na kinachobaki ni mita moja na nusu. Kama ya mita 1.8 ndiyo pekee inayopatikana, usiizike. Iache yote juu ya ardhi, kisha ufunge kipande kingine cha wavu chenye upana wa sentimita 60 chini yake, ukikilaza kuelekea nje na kukifunika kwa mawe. Fisi huanza kuchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi; akikuta wavu chini ya makucha, huwa hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili.

Nguzo ziwe za urefu wa mita 2.75, zichimbiwe sentimita 60, zipishane mita 2.5. Kwa mzunguko wetu ni kama nguzo 23, ukiacha za mlango. Mchwa hula nguzo ya mti laini chini ya usawa wa ardhi, mahali usipoona, na miaka miwili baadaye ukuta unaegemea waya peke yake. Tumia mbao zilizotiwa dawa, vyuma, au nguzo za plastiki iliyorejelewa. Shindilia udongo kwa tabaka za sentimita 15, si kwa kujaza shimo lote na kukanyaga juu.

Pitisha waya mzito wa milimita 3 katika mistari mitatu, chini, kati na juu, uukaze kabla ya kufunga wavu. Wavu usio na mistari hiyo hubonyea kila ng'ombe anapojikuna, na ndani ya mwaka mmoja chini panakuwa na mfuko wa kupenya fisi. Funga wavu upande wa ndani wa nguzo. Ng'ombe wakiusukuma utaegemea nguzo. Ukiwa upande wa nje, watang'oa vifungo kimoja baada ya kingine.

Usitupe miba ya zamani. Izungushe nje ya wavu hadi kifuani. Haizuii chochote kwa nguvu, ila huwazuia ng'ombe na simba wasitazamane, na hilo hupunguza taharuki kuliko watu wanavyodhani.

Ukuta unaoota

Katika nyika ya Wamasai huko Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, nguzo zenyewe ni miti hai. Hutumiwa miti ya jamii ya *Commiphora*, ambayo tawi lake likichomekwa ardhini huchipua. Faida ni mbili: mchwa hausumbui mti hai kama nguzo iliyokufa, na matawi ya juu huendelea kukua, hivyo ukuta huwa mrefu zaidi kila mwaka badala ya kuzeeka.

Kata matawi manyoofu ya mita 3, yenye unene wa mkono wa mtu mzima, mwishoni mwa kiangazi. Yaache kivulini siku chache hadi kidonda kikauke, kwa sababu tawi bichi likizikwa mara moja huoza. Yapande wiki moja au mbili kabla ya mvua, sentimita 60 kwenda chini, hatua moja kati ya tawi na tawi, ncha iliyokuwa juu ya mti ibaki juu. Ukiligeuza kichwa chini, tawi halishiki. Yasimwagiliwe. Kila baada ya mita 5 weka nguzo ya kawaida ya kubeba uzito wa wavu hadi miti ishike mizizi, maana ng'ombe hawatasubiri misimu miwili.

Funga wavu kwa waya laini, usigongelee misumari. Mti unanenepa, kwa hiyo kila mwaka legeza vifungo. Kilichosahauliwa hukata gome pande zote na mti hufa ukiwa umesimama. Panda pia matawi kumi ya akiba pembeni. Baadhi hayatashika, hata kwa mikono ya wazoefu.

Mlango

Ukuta wa chuma wenye mlango wa miba ni fedha iliyopotea. Mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa hufanya mlango mzuri: hauonyeshi ndani na fisi hautafuni. Uwe na fremu ya chuma, upana wa mita 2, kimo sawa na ukuta. Nguzo zake zichimbiwe sentimita 80 na zimiminiwe zege.

Ufunguke kuelekea ndani na ukutane na kizuizi cha fremu, ili ng'ombe wakiusukuma kwa hofu wazidi kuufunga. Chini yake zika gogo au mawe ya bapa hadi uwazi usizidi sentimita 8. Weka makomeo mawili, juu na chini. Komeo moja la katikati huacha pembe ya chini ijikunje mnyama anapoisukuma.

Banda la mbuzi na ndama lina nyongeza moja: paa la wavu. Pasipo paa, usidai kwamba umemzuia chui.

Taa

Richard Turere, kijana wa Kimasai aliyekuwa akichunga kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aligundua kwamba simba hawaogopi taa iliyotulia bali inayotembea. Akaunganisha taa zinazowaka kwa zamu, zionekane kama mtu anayezunguka na tochi. Wazo hilo limeenea, na mahesabu yake si magumu. Taa sita za wati 1 zinazowaka nusu ya muda kwa saa 12 hutumia kama wati-saa 36. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 12 ina wati-saa 144, na haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una usiku karibu mbili za akiba. Paneli ya wati 20 inatosha kuirudishia chaji, ikiwa inafutwa vumbi.

Taa zifungwe usawa wa macho ya simba, zikitazama nje. Tatizo lake ni mazoea. Zikiwaka vilevile miezi sita mfululizo, simba huzizoea. Badilisha mpangilio na mahali pake kila wiki chache, na uzizime mifugo inapohama. Taa husaidia zizi imara; haziwezi kuwa badala yake.

Mchana na jioni

Mifugo mingi huliwa ikiwa haimo zizini kabisa, imepotea. Hesabu kundi asubuhi, mchana penye maji, na saa moja kabla ya jua kuzama, ili anayekosekana atafutwe kungali mwanga. Mtoto peke yake asipewe kundi kwenye vichaka vizito. Ng'ombe aliye karibu kuzaa abaki nyumbani. Duma hukimbia mtu mzima anayemwendea kwa kelele. Dhidi yake na dhidi ya mbwa mwitu, mchungaji aliye macho ndiyo dawa yote.

Mnyama akiua

Usiku, washa tochi na piga kelele ukiwa ndani. Usifungue mlango, usimfuate gizani.

Asubuhi, zuia watu na mbwa wasikanyage nyayo. Nyayo za paka zina vidole vinne bila alama za kucha, na kisigino chenye mawimbi matatu nyuma. Wa simba ni kama sentimita 10 hadi 13 kwa upana, wa chui 7 hadi 9. Duma ni paka ila kucha zake huonekana. Fisi huacha alama za kucha, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Koo lililobanwa bila kuchanwachanwa ni kazi ya paka. Mifupa iliyovunjwavunjwa mara nyingi ni ya fisi, ingawa fisi pia hula masalia ya simba. Hapo ndipo simba wengi husingiziwa.

Piga picha ukiweka kitu chenye kipimo kinachojulikana kando ya unyayo. Nchini Kenya, sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua madai ya fidia ya mifugo, yanayopitia kamati ya kaunti. Taarifa hutolewa kwa ofisi iliyo karibu ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Tanzania, anza kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Malipo huitwa kifuta jasho, na jina lenyewe linakuambia kwamba si bei kamili ya ng'ombe.

Maafisa wakishakagua, choma au fukia mzoga siku hiyohiyo, mita moja na nusu chini. Simba hurudi kwenye mzoga wake usiku wa pili, na mzoga huo ndio watu wenye hasira hutilia sumu. Dawa za shambani kama kabofurani hazichagui. Februari 2018, katika eneo la Ruaha, Tanzania, mzoga wenye sumu uliua simba 6 na tumbusi 74.

Ukaguzi

Zunguka ukuta kila jioni ukiutikisa kwa mkono, nguzo kwa nguzo. Angalia alama za kuchimba na vifungo vilivyokatika. Mwisho wa kila kiangazi, ondoa samadi. Ikijilundika hupandisha sakafu hadi sentimita 30 katika misimu michache, na ukuta wa mita 2.1 unabaki 1.8 bila mtu kugusa waya. Ipeleke shambani, kisha pima tena kimo kwa kamba, ndani na nje.