Kupima kwenye tangi kama bakteria kweli wanakula mafuta yaliyochafua pwani

Juzi nimemsaidia dogo mmoja wa maabara kuanzisha hili jaribio, nikaona niandike kabisa maana kila mtu anakwama palepale.

1. Matangi. Ya kioo, usinibishie. Plastiki inafyonza mafuta alafu unawasifia bakteria bure. Tisa yanatosha: matatu hayana nyongeza, matatu ya mbolea, matatu ya sumu ya kuzuia bakteria, ili uone mafuta yanayopotea bila wao.

2. Mchanga na tope uchote pwani ileile iliyochafuka. Pampu yenye taima ijaze na kupunguza maji kila saa sita na ushee, kama maji kujaa na kupwa.

3. Mafuta yaache yapigwe upepo kwanza mpaka uzito utulie, ndo uyamwage.

4. Mbolea iwe ya punje zinazoyeyuka polepole, ile ya maji inaondoka na kupwa kwa kwanza. Uwiano wa kaboni, nitrojeni na fosforasi anza na 100:10:1. Alaska baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta 1989 walitumia za punje na za kunata kwenye mafuta.

5. Hapa ndo nililia. Mara ya kwanza sikuweka matangi ya sumu, wiki ya tatu nusu ya mafuta hayapo, nikashangilia, bosi akauliza swali moja tu, yameenda wapi? Nikapangusa ukuta wa tangi kwa kitambaa chenye kiyeyusho, kikatoka cheusi tii, kumbe mafuta yamenata ukutani. Kwa hiyo weka sodiamu azidi, ndo sumu yenyewe, kwenye yale matatu na uongeze kila maji yakibadilika maana inasombwa, ila isikutane na asidi (inatoa gesi ya kuua) wala usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, inaweza kulipuka. Alafu usipime mafuta jumla, pima kila kitu kwa kulinganisha na hopani, kemikali iliyomo kwenye mafuta yenyewe ambayo bakteria karibu hawaigusi. Mimi naanza na heptadekani dhidi ya pristani, nazo ni kemikali za kwenye mafuta na bakteria huanza kula heptadekani, yanachemka karibu joto moja kwa hiyo kukauka hakuwatenganishi, heptadekani ikishuka peke yake hapo kuna mtu anakula. Ila wiki za mwanzo tu, baadaye hata pristani inaliwa.

6. Sampuli siku ya 0, 7, 14, 28, 56. Tope la juu na la chini usichanganye! Oksijeni inaishia milimita chache tu, chini yake ni jeusi linanuka yai viza na mafuta yanakaa karibu vilevile.