Kulala kwenye bembea Njombe mwezi wa saba bila kuganda mgongo

Mwezi wa saba mwaka jana mdogo wangu alipanda basi kutoka Dar na bembea yake ya kulalia, ileile anayoifunga kwenye minazi kule Kigamboni. Alitaka tulale kwenye miti ya misindano ya nyumbani, nje kidogo ya mji wa Njombe. Huku tuko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kipupwe usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na mabondeni kuna asubuhi unakuta sakitu imeyapaka majani nyeupe. Saa saba usiku nikamsikia: "Kaka, nimevaa makoti mawili, nimo ndani ya mfuko wa kulalia, mbona mgongo unaganda?" Swali hilo nililiuliza mwenyewe miaka mitano nyuma, na sikuwa na wa kunijibu. Ndiyo maana naandika.

Kwenye bembea baridi inakuja kutoka chini. Mfuko wa kulalia unatunza joto kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Ukiulalia, unaikamua ile hewa, na mgongo wako unabaki na vitambaa viwili vyembamba tu, huku upepo unapita chini yake usiku kucha. Upepo uleule unaoburudisha minazini ndio unaokunyang'anya joto hapa. Hewa ya nyuzi 5 ikiwa na upepo wa km 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaihisi kama nyuzi 0. Ongeza makoti kifuani upendavyo, mgongo hautajua.

Hatua ya 1: Mahali

Usishuke bondeni hata kama kumetulia. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama huko. Usipande kileleni pia. Tafuta katikati ya mteremko, upande uliopewa kisogo na upepo. Miezi hii kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mimi napenda mteremko unaotazama kaskazini-magharibi, nyuma ya miwati iliyosongamana. Kabla ya kufunga chochote tazama juu: tawi kavu likining'inia, hama. Chini ya milingoti (mikaratusi) mizee silali kabisa, matawi yake huanguka bila onyo.

Hatua ya 2: Kufunga bembea

Miti iachane meta 4 hadi 5. Tumia mikanda mipana, si kamba ya manila, inachubua gome. Bembea ilegee kidogo, kisha ulale kwa mshazari.

Hatua ya 3: Turubai

Lishushe. Watu wanalifunga juu kama paa la genge la sokoni, halafu wanashangaa manyunyu yanawafikia usoni. Ubavu mmoja wa turubai uutazame upepo, na ukingo wake ukaribie kugusa nyasi. Vigingi vya waya vinang'oka kwenye udongo wetu laini, chonga vya mti vya urefu wa sm 30. Turubai liwe refu kuliko bembea, angalau sm 30 kila upande. Kwenye mikanda, chini ya turubai, funga kipande cha uzi kinachoning'inia ili maji yanayoteremka toka mtini yadondokee hapo badala ya kuingia kitandani.

Hatua ya 4: Blanketi la chini

Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi, kwa hiyo soma polepole.

Unahitaji kitu chenye manyoya au nyuzi kinachoning'inia nje ya bembea, chini yake, ili usikilalie. Sijakiona madukani kwetu. Mimi nilinunua mfuko wa kulalia wa mtumba, fundi cherehani akaufungua ukawa shuka la sm 200 kwa 120, akakunja pindo pande zote nne. Kwenye mapindo marefu pitisha mpira, mmoja kila upande, ncha zake uzifunge kwenye mafundo ya bembea, kichwani na miguuni. Kwenye mapindo mafupi pitisha kamba ya kukaza, kama ya kaptula. Kwa mpira natumia tyubu ya baiskeli iliyochanwa vipande virefu, ile tunayofungia mizigo kwenye keria. Inavutika vizuri kuliko lastiki ya nguo, ambayo hulegea baada ya safari mbili.

Sasa kosa langu: nilikuwa narekebisha blanketi bembea ikiwa tupu. Linaonekana limekaa sawasawa, nazima tochi, napanda. Mwili ukishuka, mambo yanabadilika. Likiwa limekazwa mno, kiuno kinaliponda na nyuzi zinalala, umerudi kulekule. Likiwa limelegea, kunakuwa na nafasi chini ya mgongo na upepo unapita humo kama kwenye bomba. Lirekebishe mtu akiwa amelala ndani. Mwenzako apitishe kiganja kati ya bembea na blanketi, chini ya makalio. Kiganja kiguswe pande zote mbili bila kubanwa. Kikielea, kaza mpira, kikibanwa, legeza. Kisha ahamie mabegani, halafu nyuma ya magoti. Ukiwa peke yako, ingiza mkono wako mwenyewe kwa ubavuni, utafika kiunoni.

Ncha za kichwani na miguuni kaza mpaka zikumbatie bembea, upepo huingilia hapo. Upepo ukizidi, ning'iniza koti la mvua chini ya blanketi. Usiliviringishe blanketi kwa nailoni: unyevu wa mwili unageuka maji kwenye nailoni na kulilowesha, na alfajiri utatetemeka zaidi.

Kama huna muda wa kushona, mkeka wa povu ndani ya bembea unasaidia, ila kata mwingine mdogo uuweke kwa kukingama mabegani, maana bembea inakumbatia mabega na pale mkeka haufiki. Godoro la kupuliza silipendi, linateleza usiku kucha.

Hatua ya 5: Mwili

Badili nguo zote, soksi pia, hata kama unadhani hazina jasho. Kula kitu chenye mafuta, karanga zinafaa. Chupa ya maji ya moto, uliyokaza kizibo vizuri, iweke mapajani. Vaa kofia ya sufu na uache pua nje, pumzi inalowesha mfuko.

Jiko la mkaa lisiingie chini ya turubai lililoshushwa, hata dakika kumi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na kila msimu wa baridi inaua watu waliolala.

Ukiamka saa tisa usiku na baridi

Kwanza nenda haja ndogo, usibishane na kibofu. Ukirudi, pitisha mkono chini ya kiuno kabla ya kuongeza nguo yoyote. Mara nyingi blanketi limetelezea upande mmoja. Likiwa mahali pake, kaza ncha ya miguuni. Baada ya hapo tu ndipo uvae koti la pili. Mdogo wangu usiku ule nilimkuta na nafasi ya kiganja kizima chini ya mgongo. Nilikaza mpira mara mbili, na nilipomaliza fundo la pili alikuwa ameshaanza kukoroma.