Kupima maneno kabla ya kununua mbegu

Nalima mtama na alizeti Kongwa, mkoani Dodoma, na kila Novemba wauza mbegu hufika na maneno matamu. Mwaka jana mmoja aliniambia: “Mama, mtama huu unahimili ukame. Jirani yako kavuna magunia kumi kwa ekari.”

Hapo anza kutenganisha. Dai ni lile analotaka uliamini: mbegu inahimili ukame. Ushahidi ni magunia ya jirani. Katikati kuna dhana, jambo lisilotamkwa lakini limebeba mzigo wote: kwamba mbegu ndiyo iliyoleta mavuno. Itafute hiyo kwanza, maana wengi tunairuka. Nilikwenda kwa jirani kwa miguu. Shamba lake liko bondeni, udongo mweusi unaoshika maji, na alikuwa amemwaga samadi. Mavuno kuja baada ya mbegu mpya hakuthibitishi kwamba mbegu ndiyo sababu.

Kisha uliza upande wa pili: nani aliipanda hiyohiyo akakosa? Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mwaka mmoja ni jaribio moja tu, hautoshi kufikia hitimisho. Nilinunua kidogo tu, nikapanda mistari kumi kando ya mbegu yangu ya zamani, udongo uleule, siku ileile.