Somo: Jinsi ya Kuchunguza Tabia za Shakwe na Buabua kwenye Ufuko wa Ziwa Kivu

Ndugu wasomaji wa Goma na Bukavu, tumezoea kuona ndege weupe wakizunguka juu ya mitumbwi alfajiri, wavuvi wanaporudi na sambaza wao, wale samaki wadogo kama dagaa. Sambaza wenyewe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo uhusiano kati ya uvuvi huu na ndege wa ziwani ni jambo la juzi, nalo linastahili kuandikwa na sisi tunaoishi hapa. Unahitaji daftari, penseli, saa na, ukibahatika, darubini.

Hatua ya 1: Tofautisha makundi mawili. Shakwe ana mwili mnene na mdomo imara, hutembea vizuri nchi kavu na huelea majini kama bata. Buabua ni mwembamba, mabawa yake yamechongoka, miguu ni mifupi, na huruka akiwa ameelekeza mdomo chini. Buabua wa mabawa meupe, ambaye huzaliana Ulaya ya Mashariki na Asia kisha huja Afrika wakati wa baridi ya huko, kwa kawaida hazami: hushuka na kudokoa chakula juu ya maji. Shakwe wachanga wana madoa ya kahawia, na shakwe wa aina zenye mwili mkubwa huchukua takriban miaka minne kupata rangi ya utu uzima. Usidhani kila rangi mpya ni aina mpya.

Hatua ya 2: Andika swali moja kabla ya kutoka nyumbani. Kwa mfano: je, shakwe hunyang'anyana chakula mara nyingi zaidi siku ambazo mabaki ya samaki ni machache? Swali la namna hiyo linakuambia cha kuhesabu, yaani majaribio ya kunyang'anya, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, pamoja na idadi ya mitumbwi iliyotia nanga.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya matendo. Andika "anadona", "anafukuza", "anaelea", "anasafisha manyoya". Usiandike "ana njaa" wala "amekasirika", kwa sababu hayo hukuyaona, umeyakisia.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kutazama. Hapa ndipo wanaoanza huharibu kazi yote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli nchini Kenya, alionyesha kwamba mtu anayeandika chochote kinachomvutia huishia na daftari lililojaa ugomvi na kelele, huku saa nyingi za utulivu zikipotea bila alama. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kupitisha jicho juu ya kundi lote kila baada ya dakika 10, kutoka kushoto kwenda kulia, ukiandika kila ndege anafanya nini wakati jicho linapomfikia. Ya pili ni kumfuata ndege mmoja kwa dakika 5, ukiandika kila tendo lake hata kama ni kusimama tu. Njia ya kwanza inafaa kujua kundi linatumiaje muda wake. Unyang'anyi, ambao hutokea na kwisha kwa sekunde chache, unahitaji ya pili.

Umuhimu wa kueleza jinsi ulivyohesabu unaonekana katika kazi ya Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Alitumia vichwa vya shakwe vya bandia kuonyesha kwamba vifaranga hudona alama nyekundu iliyo kwenye mdomo wa mzazi. Katika majaribio ya mwanzo, kichwa chenye alama nyekundu kilionyeshwa mara nyingi kuliko vingine, vifaranga wakakizoea, naye akalazimika kusahihisha hesabu. Masimulizi ya baadaye yaliacha habari ya marekebisho hayo. Mwaka 2009 Carel ten Cate na wenzake walirudia jaribio wakionyesha vichwa vyote kwa usawa, na matokeo yakaunga mkono wazo lake. Naona fahari kubwa katika kisa hiki: wazo lilikuwa sahihi, lakini lilistahili kupimwa upya.

Hatua ya 5: Rudi mahali palepale, saa ileile. Andika pia upepo na mvua. Kabla ya kuanza, mweleze mkuu wa mtaa na wavuvi unachofanya, kwa maana mtu anayeelekeza darubini ziwani karibu na mpaka huzua maswali.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Himbi, Goma: Mwalimu, sina darubini. Je, niache?*

Usiache, ndugu yangu. Pale Kituku, soko la ufukweni mwa Goma, ndege husogea karibu na watu, na matendo makubwa huonekana kwa macho. Kama huna hakika ya aina, andika "shakwe" tu.

*Kutoka Nguba, Bukavu: Nitajuaje kwamba simhesabu ndege mmoja mara mbili?*

Dada, hutajua, na ni vema ulikiri hilo katika ripoti yako. Ukifuata shakwe 20 asubuhi moja, huenda baadhi ni walewale, na wote wameathiriwa na upepo na samaki wa siku hiyo. Kwa swali letu la mabaki ya samaki, ihesabu siku kuwa kipimo kimoja: asubuhi 15 za ndege wachache zina uzito kuliko asubuhi moja ya ndege 300.

*Kutoka Goma: Naweza kuwafunga uzi wa rangi mguuni ili niwatambue?*

Hapana, mdogo wangu. Uzi hukata mguu na hunasa. Kuvisha ndege pete ya utambulisho mguuni ni kazi ya waliofunzwa na wenye kibali. Ukiona ndege hai mwenye pete, soma maandishi yake kwa mbali au mpige picha. Ukikuta ndege wengi wamekufa, usiwaguse kabisa, bali toa taarifa kwa daktari wa mifugo: Januari 2017 homa kali ya mafua ya ndege iliua buabua wa mabawa meupe kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda.