Reli Itapita Wapi? Isome Ardhi Kabla Hujanunua Ploti

Reli mpya ikitajwa Nairobi, madalali hufika kabla ya wahandisi. Utaambiwa stesheni inakuja hapo mbele tu, toa pesa leo kabla bei haijapanda. Nimefanya kazi miaka mingi na wapima ardhi, nikishika fito na kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti, vichakani, na tangu reli ya Riruta kwenda Ngong ianze kuzungumzwa, majirani zangu wamekuwa wakija kuniuliza itapita wapi. Huwa nawaonyesha hivi.

Anza na mwinuko. Treni hukanyaga chuma kwa gurudumu la chuma, kwa hiyo haiwezi kupanda kilima kama matatu. SGR, ile reli mpya pana, ya Mombasa hadi Nairobi haipandi zaidi ya mita 1.85 kwa kila mita 100. Fungua Google Earth kwenye kompyuta, chora mstari kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli, kisha utazame mchoro wa mwinuko wake. Mahali unapopanda ghafla, reli itazunguka au itachimbiwa handaki. Lile la Ngong kwenye SGR ya Naivasha lina kilomita 4.5, gharama ambayo sioni reli fupi ya mjini ikiibeba.

Angalia pia mito. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hutiririka kuelekea mashariki, na kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi. Reli inayofuata mgongo huvuka maji mara chache. Inayokata kutoka kaskazini kwenda kusini hudai daraja baada ya daraja. Na kona za treni ni pana: haikunji kwenye makutano kama gari.

Sasa uliza ardhi ni ya nani. Hili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, kwa sababu fidia hula pesa na miaka. Treni za Ruiru, Kikuyu na Embakasi Village hupita kwenye reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ambayo ilifika Nairobi mwaka 1899. SGR ya Naivasha nayo ilipitishwa kwa daraja refu juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Iliniuma, naipenda mbuga ile, lakini ilinionyesha wanaopanga njia ya reli hutazama wapi kwanza: ardhi ya reli, kando ya barabara kuu, msitu, kiwanja cha serikali. Zipake rangi moja kwenye ramani yako na utaona njia ikianza kujitokeza.

Stesheni hutaka sehemu iliyo tambarare na iliyonyooka, yenye nafasi ya matatu kugeuza. Makadara iko karibu na Jogoo Road, Imara Daima karibu na Mombasa Road. Weka alama kila mahali njia yako inapokutana na barabara yenye steji kubwa, kisha uhesabu watu wanaoweza kufika hapo kwa mguu ndani ya dakika kumi. Kwenye reli ya Ngong yametajwa maeneo ya Lenana, Karen na Bulbul kuwa ya stesheni. Yafuate kwenye Ngong Road uone yalivyopangana.

Baada ya hapo, tafuta karatasi. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ikitaka kutwaa ardhi, hutangaza nambari za ploti kwenye gazeti rasmi la serikali, na ripoti ya mazingira hupelekwa NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ambako mwananchi anaweza kuisoma na kutoa maoni. Linganisha nambari hizo na ile iliyo kwenye hatimiliki unayoonyeshwa. Ploti ikiwa ndani ya ardhi ya reli, usiiguse, hata kama nyumba zimesimama humo miaka mingi. Kibera na Mukuru, watu waliokuwa wakiishi kando ya reli walihamishwa. Ikiwa imepakana nayo tu, mlipe mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni zote papo hapo, muuzaji akiwepo, kabla hujatoa shilingi.